Dodoma Haina Theluji

Fundi aliifungua redio ya Bibi kwa bisibisi, kifuniko cha nyuma kikatoka na vumbi lake, na harufu ikanivaa kabla sijajiandaa. Vumbi jekundu lililokaangwa na joto la nyaya miaka na miaka, moshi wa kuni, na unga wa mtama kwa mbali, maana redio ile ilikaa chumba kimoja na ndoo ya unga. Nilikuwa nimesimama kwenye kibanda cha fundi pale mjini, mtu mzima mwenye kitambulisho cha kazi shingoni, na ghafla nikawa mtoto wa Makutupora mwenye magoti ya vumbi.

"Dada, hii tupa," fundi akasema. "Nitakuuzia nyingine, ina hadi sehemu ya flashi."

"Tengeneza hiyo hiyo. Ukishindwa sema, niipeleke kwa mwenzako."

Aliguna, akaendelea na kazi. Mimi nikajitia natafuta kitu kwenye pochi, kwa sababu machozi yalikuwa yananijia na sikutaka kuanza kumweleza kijana wa watu. Bibi tumemzika mwaka huu. Nguo zake tumegawana, vyombo vimekwenda kwa majirani, redio nikaichukua mimi na hakuna aliyenibishia.

Nikiwa pale pale simu ikaanza kutetemeka. Kundi la ofisini. Kumbe Desemba imeshaingia na ule ugomvi wa kila mwaka umeanza: mshindi wa shindano la kusaka vipaji ametoa wimbo wa Krismasi, na wenzangu wanahimizana waupigie kura wimbo mwingine, wowote ule, ili yeye asikae namba moja. "Mwaka huu hatukubali!" mmoja kaandika, na vikatuni vya kucheka vimejaa chini yake. Nikacheka na mimi. Nyie wa rika langu mliokulia huku kwetu mnajua ugomvi huu ulikoanzia, na mnaikumbuka kauli iliyokuwa imeandikwa kwenye madigadi ya kila bodaboda: Dodoma haina theluji. Ambacho wengi wenu hamkijui ni kwamba ile theluji ilikuwa ya nyumbani kwetu.

Nililelewa na watu wawili. Wa kwanza ni Bibi, mama yake mama, ambaye kijiji kizima kilimwita Mama Loisi kwa jina la mwanawe wa kwanza. Wa pili ni mama mdogo Perisi, kitindamimba wake, ambaye mimi nilimwita Mamdogo. Huyo Loisi ndiye mama yangu. Nilimjua kwa picha moja ukutani, amesimama mbele ya pazia la studio, amekunja uso kama mtu anayedai chenji yake. Nilijua pia kwamba alifariki mimi nikiwa bado wa kubebwa. Zaidi ya hapo sikuambiwa na sikuuliza. Nilikuwa na Mamdogo bwana, mama mwingine wa nini? Yeye ndiye aliyenisuka, ndiye aliyenifunga vifungo vya sare, ndiye aliyeniletea kishada cha kwanza cha zabibu za mavuno amekificha kwenye pindo la kitenge.

Na Mamdogo aliimba. Alikuwa kibarua kwenye mashamba ya zabibu, kazi ya kufunga matawi kwenye waya, na ukitaka kujua yuko mstari upi huna haja ya kumtafuta, unasikiliza tu. Aliimba kwa koo lote, bila haya, mpaka msimamizi akawa anamwambia, "Perisi, punguza kidogo, wenzako wanaacha kazi wanakusikiliza wewe." Basi lile shindano la kwenye televisheni lilipokuja mjini kusaka vipaji, vibarua wenzake walimchangia nauli, akaenda na ndala zake. Akapita. Akaitwa Dar. Akapita tena. Tulimtazama kwenye kibanda cha video, Bibi amewekewa kiti cha mbele, anajifunika uso na khanga kila majaji wakifungua mdomo. Siku aliyotangazwa mshindi nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, na Mzee Shabani, Mrangi wa Kondoa mwenye duka pale njia panda, aligawa peremende bure, jambo ambalo halijatokea tena mpaka leo.

Alirudi Desemba mvua zikiwa zimeanza, na vishada kwenye mizabibu vikiwa bado vidogo na vigumu. Alirudi na nywele za bandia mpaka kiunoni, na wimbo. Ndivyo ilivyokuwa: mshindi anapewa wimbo wa Krismasi uliokwisha kutungwa na kupigwa vyombo, kazi yake yeye ni kuuimba tu. Wa Mamdogo uliitwa "Theluji Mlangoni". Ulikuwa na kengele kila mahali, na maneno yake yalisema theluji imeanguka, moto tumewasha, mpenzi vaa koti tutoke.

"Theluji ndiyo nini, Mamdogo?"

"Ni kama ile barafu ya kwenye friji ya Mzee Shabani, ila yenyewe inaanguka kutoka juu."

"Wewe umeiona?"

"Nitaionea wapi? Nilipewa karatasi, nikaambiwa imba hapa, vuta hapa." Akacheka, lakini kidogo tu. Kisha akaniambia jambo ambalo nililishika kwa mikono miwili: wale watu wa shindano wamemuahidi kwamba wimbo huu ukikaa namba moja siku ya Krismasi, watamrudisha studio akaimbe nyimbo zake mwenyewe, zile alizozitunga shambani. "Namba moja tu, Eliza. Ikipatikana hiyo, mengine yote yanakuja."

Nikaona kazi imekwisha. Redio yetu ya pale mjini ilikuwa na kipindi cha Nyimbo Kumi za Krismasi. Wasikilizaji wanatuma jina la wimbo kwa ujumbe wa simu, na Krismasi yenyewe alasiri mtangazaji anazipiga kuanzia ya kumi kushuka hadi ya kwanza. Na kila mwaka, bila kukosa, ya kwanza ilikuwa ya mshindi wa shindano. Sasa mshindi anatoka nyumbani kwetu, analala kitanda kimoja na mimi, kuna wasiwasi gani?

Wasiwasi ulikuwa kwamba watu walikwisha kuchoka. Wanafunzi wa chuo mjini ndio walioanza. Walisema haiwezekani kila Krismasi tuletewe wimbo wa kupikwa haraka haraka, tulishwe asubuhi na jioni, halafu eti ndio wimbo wetu. Mwaka ule wa theluji ndio uliowamaliza kabisa. Theluji! Kwa watu ambao wakiliona wingu tu wanatoka nje kulitazama! Wakapatana wote wapigie kura wimbo mmoja wa hapa hapa, wamzuie mshindi. Kauli ikaanza chuoni, ikapanda bodaboda, ikafika Bahi, ikafika Kibakwe kule milimani, ikaja kusimama mbele ya duka la Mzee Shabani imeandikwa kwa chaki: Dodoma haina theluji.

Na wimbo waliouchagua, jamani, ulikuwa wa kwaya ya kanisa letu wenyewe. "Taa ya Zizini". Ulikuwa umerekodiwa zamani pale pale kanisani, zeze na ngoma, kwa kinasa sauti kimoja kilichowekwa juu ya benchi. Kanda yake waliipata kwa Mwalimu Yoeli, mwalimu wa kwaya, jirani yetu wa ng'ambo ya korongo, mtu aliyemfundisha Mamdogo kuimba tangu akiwa mtoto. Jirani!

Huo wimbo wenyewe nilikuwa naujua vipande vipande tu, kwa sababu nyumbani kwetu haukuruhusiwa. Redio ya Bibi ilikaa juu ya kabati imefunikwa kitambaa alichokifuma mwenyewe, na hakuna aliyeigusa isipokuwa yeye. Alisikiliza kila kitu: taarifa ya habari, matangazo ya vifo, mpira ambao hakuuelewa. Lakini zeze la "Taa ya Zizini" likianza tu kukwaruza, Bibi aliacha alichokishika, akanyanyuka na mikono yake ya unga, akazungusha kitufe. Kach! Kimya. Halafu anarudi kwenye ugali wake kama hakuna kilichotokea, na Mamdogo anatazama chini. Mimi kwa akili zangu nikakata shauri kwamba ule ni wimbo mbaya. Sijui una nini, lakini ni mbaya, kama yale maneno ambayo ukiyasema unapigwa kofi la mdomo.

Tena nilikuwa na ushahidi. Siku moja nimetumwa chumvi, nikausikia dukani ukipigwa kwa urefu kidogo. Katikati ya wimbo, ubeti wa pili, mtoto analia! Mtoto mchanga kabisa, ngaa, ngaa, ndani ya wimbo wa Krismasi. Na baada ya kulia kunasikika kitu kinapigwa pu, pu, pu, taratibu, wala hakiendani na ngoma. Nilicheka nikakaribia kumwaga chumvi. Wimbo wa Mamdogo ulikuwa msafi umenyooka kama shuka la hospitali, na huu una mtoto analia na mpiga ngoma asiyejua kupiga. Ndio ushinde?

Basi nikatangaza vita, na silaha niliyokuwa nayo ilikuwa moja tu. Nikamnyima Mwalimu Yoeli shikamoo.

Msione ni jambo dogo. Kwetu mtoto anaweza kuiba mahindi, anaweza kupigana, akasamehewa. Kupishana na mtu mzima mdomo umefungwa, hilo halina jina. Mwalimu alikuwa anapita na baiskeli yake kila asubuhi, na kila asubuhi nilikuwa namwamkia mita mia kabla hajafika. Siku ya kwanza akapunguza mwendo, akasubiri. Nikatazama vidole vyangu vya miguu. "Hujambo, Eliza?" akaanza yeye, mtu mzima kumwanza mtoto! Kimya. Akapiga kengele ya baiskeli kidogo, akaenda. Siku ya pili hivyo hivyo. Nikawaongezea na bodaboda wenye maandishi, na wanakwaya wote niliowajua, mpaka mwisho kijijini nilikuwa na watu wachache sana wa kusalimia.

Habari zikamfikia Bibi kupitia kwa mama mmoja wa kwaya, wa sauti ya pili. Bibi alinishika sikio. "Kwa hiyo mimi nimelea ng'ombe? Hata ng'ombe akipita anageuza kichwa!"

"Wanamzuia Mamdogo," nikasema, na hapo hapo kilio kikaniponyoka.

Bibi akaniachia sikio. Alisimama tu, akaitazama ile redio, akaenda zake kuchambua mlenda. Mamdogo ndiye aliyenivuta mpaka kwenye mkeka, akaniweka kati ya magoti yake, akaanza kunifumua nywele ambazo wala hazikuwa zimefikia kufumuliwa.

"Unanipigania mimi?"

"Ndiyo."

"Eliza, hawanizuii mimi. Wanauzuia ule wimbo wa barafu."

"Si ni wako?"

Kitana kikasimama kichwani. "Ni wangu na si wangu," akasema. Nikaona hajui anachosema, ametishwa. Nikazidisha vita.

Siku chache kabla ya Krismasi Mwalimu Yoeli akaja nyumbani. Alivaa shati la kanisani siku ya kazi, baiskeli akaiegesha mbali, akapiga hodi na kumwamkia Bibi kwa Kigogo, mbukwenyi, kwa sauti ya mtu aliyefika msibani. Bibi akanigeukia: "Nenda kaangalie kuku." Kuku wetu walikuwa wanajiangalia wenyewe miaka yote, lakini nikatoka. Nikakaa nyuma ya pazia la mlango, mahali ambapo unaona ila husikii. Nikamwona Mwalimu anaongea ameinama. Nikamwona Mamdogo anapiga magoti anampa maji kwa mikono miwili, adui yake! Kisha Mwalimu akatoa leso akafuta macho, na Bibi akawa anatikisa kichwa polepole, wala si ndiyo wala si hapana. Nikaelewa kila kitu. Amekuja kuomba msamaha, amenyimwa. Safi sana.

Alipotoka nikamkuta kwenye baiskeli. Salamu sikumpa, lakini maneno nilikuwa nayo, nilikuwa nimeyapanga.

"Wimbo wenu una mtoto analia," nikamwambia. "Wa Mamdogo hauna mtu analia. Hata studio hamkwenda. Na mpiga ngoma wenu hajui kupiga."

Nilitegemea atakasirika. Mwalimu aliweka mguu mmoja kwenye pedali, akanitazama muda, midomo inamcheza. "Ni kweli," akasema. "Ana kelele sana yule mtoto. Siku ile alitusumbua mno." Akaondoka anayumbayumba kwenye ule mchanga kama mlevi, na yeye hata togwa hakunywa. Nikajisikia nimeshinda.

Krismasi ikafika. Asubuhi kanisani, kengele yetu ya rimu la gari imegongwa mpaka masikio yanauma. Mchana pilau na kuku. Alasiri wingu zito limekaa juu ya mashamba na watu wamejaa kwenye chumba chetu kidogo, wengine dirishani. Mzee Shabani alikuja na kreti ya soda akasimama mlangoni. "Sikukuu si yangu," alisema, "lakini pilau halina dini." Mtu akamtania kwamba kura yake kaipeleka wapi. "Ya kwangu mimi na Mungu wangu," akajibu, na akakwepa macho ya Mamdogo. Nikamwona. Nikamfuta na yeye kwenye orodha ya shikamoo, pamoja na peremende zake zote.

Bibi alikaa kwenye kigoda chini ya kabati. Mamdogo alikuwa amezitoa zile nywele za bandia, amejifunga kilemba tu, amenipakata ingawa nilikuwa nimeshapita umri wa kupakatwa. Nyimbo zikaanza kushuka, na kila mtangazaji akitaja wimbo mwingine mimi nambana Mamdogo mkono. Ikapita ya tano. Ikapita ya tatu. Halafu mtangazaji akasema, "Na namba mbili, wasikilizaji, namba mbili mwaka huu ni 'Theluji Mlangoni'," na zile kengele zikaanza.

Namba mbili. Nilimgeukia Mamdogo nimwone analia, nilikuwa nimejiandaa kulia naye, lakini alikuwa amekaa wima, anapumua kwa nguvu kama mtu aliyepanda kilima, anamtazama Bibi. Wimbo wa theluji ukaisha. Mimi nalia kwa sauti, kamasi na machozi pamoja.

"Kabla sijapiga namba moja," mtangazaji akasema, na sauti yake ikabadilika, "kuna ujumbe mmoja kati ya zile kura, nimeshindwa kuuacha bila kuusoma. Unasema hivi: Mimi ni Perisi wa Makutupora, yule wa theluji. Kura yangu naipa 'Taa ya Zizini'. Anayeongoza kuimba pale ni dada yangu, marehemu Loisi. Mama, nakuomba, leo usizime."

Zeze likakwaruza.

Bibi alikuwa ameshanyanyuka. Sidhani hata alijua amenyanyuka, ulikuwa ni mwili tu umezoea. Mkono wake ukafika kwenye kitufe ukatulia pale, na chumba chote kikamtazama mgongo. Nikangoja ile kach. Bibi akakizungusha kitufe upande wa pili. Sauti ikapanda, ikajaa chumba, ikatoka dirishani mpaka kwa waliosimama nje, na sauti hiyo ilikuwa ya mwanamke: kavu kidogo, ya juu, haina haraka, inamkaribisha mgeni kwenye zizi dogo na kumwomba radhi kwamba taa ni moja.

Sikuelewa. Niliwatazama wote wanalia, Mzee Shabani amegeukia nje, na mimi nimeacha kulia kwa mshangao. Ndipo ubeti wa pili ukaja, na yule mtoto akaanza. Ngaa, ngaa. Mamdogo akaniinamia sikioni.

"Unamsikia huyo?"

"Yule mtoto wa kelele," nikasema.

"Ni wewe."

Nikamtazama.

"Ulikuwa mgongoni kwake, kwenye mbeleko. Huyo anayeimba ndiye mama yako, na wewe ndiye unayelia. Sasa sikiliza. Sikiliza hapa."

Pu, pu, pu. Yule mpiga ngoma asiyejua kupiga. Mamdogo akanipiga mgongoni kwa kiganja, taratibu, sawasawa na redio. Pu, pu, pu. Ulikuwa mkono wa mama yangu unanibembeleza huku anaimba, wala hakukosea hata neno, na mtoto akapunguza, akashikwa na kwikwi, akanyamaza. Nilisikia ninavyonyamaza.

Wimbo ulipoisha nilipiga kelele, "Rudisha! Bibi, irudishe nyuma!" Redio hairudi nyuma. Ilikuwa imeshaingia kwenye salamu za sikukuu. Nikalipiga kabati kwa ngumi, nikawa mkali kweli, nadai mama yangu. Basi Mamdogo akaanza kuuimba yeye, kwa sauti yake mwenyewe ya shambani ambayo tangu atoke Dar nilikuwa sijaisikia, na watu wa kwaya waliokuwa dirishani wakaitikia. Bibi akanichukua mapajani, akanipigapiga mgongoni mpaka mwisho. "Nilikuwa naogopa," aliniambia kichwani, midomo yake kwenye nywele zangu. "Niliogopa nikimsikia nitamfuata. Nikakuzimia na wewe, mjukuu wangu. Nikakuzimia mama yako." Mvua ikaanza kupiga bati, na hakuna aliyekwenda kwao.

Wale watu wa shindano hawakumpigia Mamdogo simu tena. Mimi nilikuja kujua baada ya kukua kwamba Mwalimu alikuja siku ile kuomba ruhusa. Kanda aliwapa vijana kabla Perisi hajashinda, hakujua wataitumia kumzuia, na alikuwa tayari kuwadai wairudishe. Mamdogo ndiye aliyesema iende. Niliwahi kumuuliza kama hakuumia. "Iliniuma," alijibu, "nisikudanganye. Iliniuma mpaka Pasaka. Lakini ule wimbo wa barafu ungeshinda, ningekuwa wapi sasa hivi? Naimba barafu. Na wewe usingejua." Sasa ana mizabibu yake mwenyewe, anaongoza kwaya, na ukitaka kujua yuko mstari upi unasikiliza tu.

Kesho yake ya Krismasi ile, siku ya kufungua zawadi, niliamka kabla ya kuku. Nikaenda kukaa njiani, kwenye kona ile ya korongo. Mwalimu Yoeli alipotokea na baiskeli yake alipunguza mwendo kama kawaida yake, akasubiri kama kawaida yake. Nikasimama katikati ya njia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba," akasema.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Shikamoo," nikasema tena, nikiwa nalipia asubuhi zote zile, na yeye akaitikia moja moja bila kucheka, mpaka nikaishiwa pumzi. Akashuka kwenye baiskeli, akachuchumaa tukalingana.

"Hongera, mshindi," akasema. "Namba moja mkoa mzima, na kelele zako zile."

Nikaona aibu. Nikamuuliza kwa nini sasa hawakunitoa nje, si nilikuwa naharibu wimbo?

"Tulitaka kukutoa. Yule mwenye kinasa sauti aligoma kabisa, akasema mtoto apelekwe nje ndipo aanze. Nami nikamwambia mama yako, Loisi, mpe mtu akushikie. Unajua alinijibuje?" Akakunja uso vile vile kama kwenye picha ya ukutani, akaniigizia sauti. "'Mkimtoa huyu, na mimi natoka.'"

Mama yangu sina maneno yake mengine. Nina hayo, na ule wimbo, na pu, pu, pu.

Fundi alimaliza kabla ya jua kuzama. Aliwasha, redio ikakoroma, ikashika kituo. "Kitufe cha sauti kimelika," akasema, "nikuwekee kipya?" Nikamwambia akiache hivyo hivyo. Nikaikumbatia redio ya Bibi, ikiwa bado ya moto, nikatoka, na njiani nikatoa simu nikawaandikia wale wa ofisini kura yangu inakwenda wapi: "Taa ya Zizini".